Nusu kwa Nusu

3 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Mimi mzima, kidonda cha operesheni kimefunga. Uvimbe wa utumbo mpana waliutoa wote, ila daktari anasema saratani ina tabia ya kurudi. Kwa hiyo nimeingia kwenye utafiti wa dawa mpya ya kuizuia. Wengine wanapewa dawa, wengine vidonge vitupu vinavyofanana nayo. Kompyuta ndiyo inayopiga kura, hata daktari hajui nani kapata nini.

Usihofu, kompyuta tumeshaipiga chenga. Yule fundi rangi tuliyelazwa naye kitanda kwa kitanda yumo pia. Kila asubuhi anapita kwenye kibanda changu cha ushonaji, nakata vidonge vyetu kwa mkasi wa kushonea: nusu yangu kwake, nusu yake kwangu. Dawa ikiwa kwa mmoja, tumepona wote.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Unakula vizuri? Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Mkasi huohuo wa suruali za watu?

Baba, nusu dozi si dozi. Na watakaougua baada yenu wataambiwa dawa haifai, kumbe iliishia mkasini. Mwambie daktari. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mama nimeshamzika. Naogopa.

Mwanao

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kimya chako kinaninyima usingizi. Umeshasema, au bado mnakata?

Mwanao

2 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Mwili haujambo, moyo ndio mgonjwa. Mwenzangu alinikataza: "Ukisema tu, tunafukuzwa wote." Nikavuta siku, mwishowe nikasema. Daktari hakufoka. Vidonge wamevisimamisha, vipimo vinaendelea. Fundi rangi akaninunia, akipita kibandani anageuza uso.

Leo tumeitwa pamoja kwa daktari kusomewa majibu ya picha za tumbo. Yangu ni safi, mwanangu. Yake ina kivuli kwenye ini, ameambiwa asubiri kipimo kingine.

Niliruhusiwa kwenda nyumbani, sikwenda. Nikakaa benchini nje ya mlango najiuliza kama ile nusu yake niliyokuwa nikimeza ndiyo iliyokuwa dawa halisi. Hakuna wa kunijibu, siri ya utafiti bado haijafunguliwa.

Naye akatoka kwa daktari, akasimama mbele yangu. Nikajua leo nitatukanwa.

"Sogea," akasema. "Nusu kwa nusu."

Nikasogea. Nakuandikia hapahapa benchini. Bado hajaitwa.

Baba yako