Kitufe cha Kwaheri

Kitindamimba wetu,

Huku tupo, ni uchovu tu. Unauliza uanze na zana gani za bure, ili programu yako ifunguke kwenye kompyuta yoyote. Usikimbilie kila unachosikia. Mtaka yote hukosa yote. Anza na Python, na Tkinter ya kutengenezea madirisha na vitufe. Ndizo nilizotumia kumtengenezea Baba programu ya kutunza vipimo vya nguo za wateja wake, na inafunguka vizuri kwenye Windows yangu na kwenye Linux ya pale anaposhonea.

Ila chunga maneno ya vitufe. Kile cha kufungia programu nilikiandika "Toka". Baba akanuna: "Yaani hata mashine inanifukuza kwenye cherehani yangu?" Nikabadilisha, nikaandika "Kwaheri".

Siku hizi vipimo anavisahau kabla hajashika mkasi. Namkumbusha mpaka koo linakauka. Lakini jioni kile kitufe hakosei. Anakibofya, kisha anaiambia kompyuta taratibu: "Kwaheri, kitindamimba wangu. Ufike salama."

Njoo umwone, wewe bado anakukumbuka.

Ni mimi dada yako, ambaye Baba sasa ananiita fundi wa kompyuta.