Kazi ya Saikolojia Yako

Mlandege, Iringa
Julai 1957

Mpwa wangu Isihaka,

Assalaam aleikum. Baridi ya mwaka huu imenishika magoti, lakini cherehani bado inazunguka.

Uliuliza kama huku kuna kazi ya hiyo saikolojia yako, au umkubalie profesa, ubaki London uongeze digrii. Nimekuulizia. Karani wa boma alicheka: "Mzee Halfani, akirudi aanze kusoma mawazo ya Bwana Shauri, huyu Mzungu mkubwa wetu, sisi yametushinda." Hospitalini walitaka kujua kama unaweza kupiga sindano. Nimefika hadi Mbeya. Huko wanatafuta walimu wa hesabu. Nimechoka, mjomba.

Mama yako hajambo kwa mwili. Ila tangu arobaini ya baba yako ipite, kila magharibi anamtengea marehemu sahani yake, anaifunika kawa, kisha anamgombeza kwa kuchelewa. Majirani wanasema ni jini. Nilipomkumbusha kaburi, alinihurumia: "Kaka, uzee huo."

Kwa hiyo kazi niliyoipata ni moja tu. Haina mshahara, na mgonjwa mwenyewe hajui kama anaumwa. Profesa mjibu wewe.

Mjomba wako,
Halfani