Wifi mu Chumba ya Mama Kavira

Jumatatu, 24 Mai
Nimezima mashini, kompyuta yangu, tena, nimewasha tena. Wifi inashika, inaachilia, haipitishe kitu. Sawa na jana. Simu za kuita hazipite tangu volkano ilipasuka Jumamosi. Dada yangu Neema alikuwa amepanda Kibati, ku mulima ule, kuchukua viazi. Lava imekata barabara. Kama eko muzima ataandika. Na mesaje itapita wapi?

Ruta, kile kisanduku cha wifi cha parseli yetu, nyumba zote za kiwanja moja, iko kwa jirani, mama Kavira, mujane. Juu ya kabati, mu chumba yake ya kulala, sababu ya wezi. Mashini yangu inavuta wifi kupitia ukuta, inagawia simu zetu zote. Basi wote bananiangalia mimi.

Jumanne, 25 Mai
Udongo unatetemeka tangu asubuhi. Nimefuta kila kitu mu mashini, nimepanga upya. Bure.

Kijana haingie mu chumba ya mama mujane. Haifanyike. Nimekaa chini ya dirisha yake, mashini ku magoti, nikaita: mama, taa za ruta zinawaka? Akaenda kuangalia. "Zinawaka zote, mutoto yangu." Pale pale wifi ikasimama vizuri. Kufungua mesaje tu, imekufa. Inanichekelea.

Jumatano, 26 Mai
Papa, baba yetu, hakule. Ameniita "fundi wa bila masomo" mbele ya batu. Imeniuma. Lava ingekuwa karibu ningetupa mashini ndani.

Alhamisi, 27 Mai
Radio imesema mutaa yetu, Mabanga, yote itoke. Yote. Sasa hivi. Batu banapita na magodoro ku kichwa. Papa amekaa mulangoni. Hatoke mupaka ajue Neema eko wapi. Nimemuomba, nimelia. "Enda wewe." Nikabaki. Nilikuwa ninamuchukia na ninaogopa.

Mama Kavira anafunga mizigo, vyombo vinalia mule ndani. Mara simu zote za parseli zikaanza kulia pamoja. Mesaje za siku zote. Vokali ya Neema, sauti aliyorekodi Jumapili: "Papa, niko Rutshuru kwa shangazi. Miguu tu ndiyo inauma. Musiningojee." Papa akasikiliza, akasikiliza, akasimama kutafuta viatu.

Nikauliza mama Kavira amegusa nini.
"Sikugusa kitu. Nimetoa tu sufuria yangu."
Ile kubwa ya aliminiomu. Alifunika ruta nayo Jumamosi, majivu isiingie, sawa na alivyofunika maji ya kunywa. Jumanne, kuangalia taa, aliinua. Kisha alifunika tena, wifi ikafungiwa ndani.
Nikapandisha sauti. Akaendelea kufunga mizigo. "Majivu inaua mashini. Si wewe ulinifundisha?"

Ijumaa, 28 Mai
Tumefika Sake. Tuko mu kanisa, batu bengi. Rezo ya simu hakuna. Mashini iko mu mufuko, siiguse.
Papa ameomba kusikia ile vokali tena. Nimemupa simu. Ameiweka ku sikio. Amelala hivyo, Neema bado anaongea.