Baba Alikataa Niitwe Mwasi

Baba,

Jumapili baba mdogo Magesa alikuja kwangu Nyasho. Tangu niolewe alikuwa hajawahi kukanyaga mlango wangu. Alikula ugali na sato, akaongezewa, kisha akamwambia mume wangu Wambura, "Mkwe, tuombee kwa namna yenu." Nilikimbilia jikoni kulia. Nilijua ni kazi yako ile.

Unakikumbuka kikao cha Butiama? Wambura alikuwa ameleta posa, nami nimeshasema nitasali naye kwa walokole. Wewe katekista, bintiyo anaacha Kanisa Katoliki! Baba mdogo ndiye aliyelitoa lile neno: "Ameasi." Ndugu wakalidaka, mwasi, mwasi, hadi mama akajifunika khanga usoni. Nikasubiri unifukuze.

Niliona hata bora unipige, baba.

Kisha ukasema: "Anayeasi anawageukia watu wake apigane nao. Huyu kampiga nani? Ng'ombe zetu zinahamaga kufuata majani, nani anasema zimeasi? Nyangeta amehama. Mlango wake hapa uko wazi."

Hukufurahi. Uliponisindikiza barabarani ulisema polepole, "Imeniuma, mwanangu. Lakini siwezi kukuita jina baya kwa sababu naumia." Sijapata kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo. Nilikuwa nakuja kwako kila Krismasi bila kuinamisha kichwa, kwa sababu yako.

Siku tuliyokuzika nilisimama nyuma kabisa, naogopa hata kuimba. Baba mdogo akanifuata, akanishika mkono mbele ya watu wote, akanipeleka kwa wanakwaya wako. "Imba," akasema, "wewe ulihama tu." Nikaimba, baba. Vibaya, lakini niliimba.

Mama hajambo. Mihogo yake imepata mvua.

Sasa sikia. Mjukuu wako Pendo anataka kuanza mafundisho ya Ukatoliki. Nimeumia, nisikufiche, na Wambura ameumia zaidi. Jana aliniuliza, "Baba yako angesemaje?" Nikamweleza. Akacheka kidogo, akasema basi mtoto ashonewe gauni la kwenda kanisani.

Jumapili ijayo nitampeleka mwenyewe hadi parokiani, na nitakaa naye benchi moja. Nakuahidi, katika nyumba yangu hakuna atakayemwita mwasi.

Asante, baba yangu. Lala salama.

Bintiyo,
Nyangeta