Meno ya Juu ya Mjomba

Tarehe 3 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako ana mafua, lakini yuko kwenye cherehani tangu asubuhi, kwa hiyo usimhesabu mgonjwa. Wewe je? Na ile plasta mnayotengenezea kalibu za meno karakanani kwenu, bado inakukausha mikono?

Meno ya bandia uliyonitengenezea yamefika. Daktari wa huku alinivalisha Jumanne, akanipa kioo, nikajiona kama mtu anayegombea ubunge. Kwa kutafuna na kucheka sina neno. Hongera, fundi wangu.

Lakini klarineti, mwanangu! Unajua mtu hupuliza huku meno ya juu yameegemea kipulizio. Nikianza tu, meno yote ya juu yanaachia kwa nyuma, hewa inatorokea pembeni, na sauti inayotoka ni balaa. Juzi jirani aligonga mlango kuuliza kama tunachinja bata.

Ningekuwa napiga kwa kujifurahisha ningecheka tu. Ila mkuu wa bendi ya manispaa kaniita kando. "Mzee," akaniambia, "ukumbi mpya unafunguliwa mwishoni mwa Juni. Kabla ya hapo kila mmoja atapiga peke yake, mimi nikiwa nimempa mgongo. Ukiwa hujakaa sawa, nitakupa matoazi."

Matoazi! Miaka thelathini na moja nimekalia kiti cha kwanza cha klarineti, leo nikagonganishe visahani viwili kila baada ya dakika nne?

Tafadhali nitengenezee meno mengine, ya mpigaji.

Ni mimi,
Mjomba wako


Tarehe 17 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mafua ya mkaza mjomba yameisha na hayajakuhamia. Mimi mzima, mikono bado mikavu, kazi tele.

Meno ya mpigaji hayamo katika kitabu chochote nilichosoma chuoni. Nimemuuliza bosi wangu, akasema katika maisha yake kamtengenezea mchungaji na mwamuzi wa mpira aliyelalamika kwamba filimbi inamtoka mdomoni. Mpiga klarineti, hapana.

Basi nimeamua hivi: siwezi kurekebisha kitu nisichokielewa. Shule iliyo mkabala na karakana ina mwalimu wa muziki, nimemwomba klarineti kuukuu, akanipa. Nifundishe kwa barua tangu mwanzo, kama mtoto wa darasa la kwanza, nijue kwa mdomo wangu mwenyewe ni wapi panapobanwa. Nitumie na kipulizio chako cha zamani nikipime.

Usicheke. Najua umeshacheka.

Mpwa wako


Tarehe 2 Aprili

Marahaba mpwa wangu,

Sote wazima, mafua yameondoka. Nimecheka mpaka meno yakatoka, kwa hiyo hilo nalo liandike kwenye kasoro.

Haya, mwanafunzi. Kabla ya kupuliza chochote, lowanisha ulimi wa klarineti, kile kijiti bapa cha mwanzi kinachotetemeka na kutoa sauti. Mkavu hauimbi. Ukimaliza uufute uulaze kwenye kikasha chake, usiuache ukaota ukungu. Pumzi ivute chini, tumbo lijae, mabega yatulie. Yakipanda mabega, hiyo ni pumzi ya woga. Mdomo wa chini ukunje kidogo juu ya meno, uwe mto. Meno ya juu yaegemee tu. Usiume! Anayeuma anaikaba sauti koo. Kazi ya kushika ni ya pembe za mdomo, kama mtu anayezuia kucheka mbele ya hakimu.

Kisha piga noti moja. Moja tu! Ianze kimya, ikue, irudi kimya, isitikisike. Dakika kumi kila asubuhi mbele ya kioo, kabla ya wimbo wowote. Na wimbo ukifika, upige polepole mpaka uone aibu, halafu punguza tena. Ukikwama usirudie wimbo wote, rudia zile noti nne zilizokukwamisha.

Hivyo ndivyo nilivyowafundisha vijana wote wa bendi. Njia ya mkato haipo. Kipulizio kimo ndani ya soksi, nimeifua.

Mjomba wako


Tarehe 24 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Habari za nyumbani? Mimi mzima, ila nina nundu kichwani, utaona kwa nini.

Siku ya kwanza mwenzangu alikuja mbio akidhani mashine ya upepo imepasuka. Siku ya tisa nikapata noti nzima, sekunde kumi na moja, haikutikisika hata kidogo. Nikaruka kwa furaha, nikagonga rafu ya plasta. Mbona hukuniambia kwamba ni raha namna hii? Sasa nawahi kazini nusu saa kabla ya wenzangu, kwa ajili ya noti moja!

Kuhusu meno: kipulizio kinayasukuma ya mbele kwenda juu, ndiyo maana ya nyuma yanaachia. Ukingo wa nyuma nitauongezea kina, ushike vizuri zaidi kwenye kaakaa. Hilo ni langu, nitalimaliza.

La pili ni lako, na unisamehe. Nimekipima kipulizio chako. Pale meno yanapoegemea pana mashimo mawili, karibu milimita moja kila moja, katika mpira mgumu vile! Meno yanayoegemea tu hayachimbi. Mjomba, wewe unauma. Nikampigia simu mkaza mjomba, nikamuuliza habari ya noti moja ya asubuhi. Akacheka sana: "Noti moja? Tangu anioe, huyu huanza na machi ya gwaride, ya mbio, akimaliza anadai chai."

Hata nikikutengenezea meno ya chuma, ukiuma yataachia. Mwalimu wa muziki anasema ujaribu kufunika na meno ya juu kwa mdomo, midomo yote miwili iwe mto, kwa mazoezi tu. Ukiuma utajiuma mwenyewe, na utaacha.

Mpwa wako akupendaye


Tarehe 15 Mei

Shikamoo Mjomba,

Wiki tatu sijapata neno lako. Mkaza mjomba anasema u mzima, unakula vizuri, na hutaki nitajwe. Nilisema kweli, lakini nilisema kama fundi, si kama mtoto wa dada yako. Nisamehe kwa hilo. Barua naendelea kuisubiri.

Mpwa wako


Tarehe 29 Mei

Mpwa wangu,

U hali gani? Nundu imepona?

Nilikasirika, sitakuficha. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaiweka chini ya gunia la mkaa. Nilijiambia: huyu nimembeba mgongoni, leo ananipimia mashimo! Nikawa napiga machi ya mbio kwa hasira kila siku, mpaka siku moja meno yakaruka, yakatua kwenye kikapu cha vitambaa. Mkaza mjomba wako akayaokota, akayasuuza, akanirudishia, asiseme kitu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwanamke yule na kukaa kimya!

Asubuhi iliyofuata nikakaa mbele ya kioo. Nikafunika meno kwa midomo yote miwili, nikafanana na marehemu babu yako. Nikapuliza noti moja. Nikauma, nikajiuma, nikatukana. Nikajaribu tena. Siku ya kwanza sikuweza kuvuka dakika mbili, midomo ilikuwa inatetemeka kama ya mtoto anayetaka kulia. Mimi, kiti cha kwanza!

Leo ni siku ya kumi na tano. Nafika dakika kumi. Na kuna kitu kinatokea, sijui nikuelezeje. Sauti imekuwa pana. Zamani ilikuwa inatoboa, sasa inajaa chumba. Mkaza mjomba wako alisimamisha cherehani akauliza, "Hiyo ni redio?"

Halafu nikaichukua ile machi ya ufunguzi wa ukumbi, nikaipiga polepole mpaka nikaona aibu. Katikati kuna mahali penye noti saba za kupanda haraka. Mwanangu, siku zote napiga tano! Mbili nilikuwa nazimeza, tarumbeta zinanifunika, hakuna anayejua. Nimezirudia zile saba mara mia. Jana zimetoka zote, moja moja, kama shanga. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nimebandika kipande chembamba cha mpira juu ya kipulizio, meno yasiteleze. Sasa naomba ule ukingo wa nyuma. Majaribio ni tarehe 21.

Barua nimeitoa kwenye mkaa. Imechafuka lakini inasomeka.

Mjomba wako mwenye kuuma


Tarehe 7 Juni

Shikamoo Mjomba wangu,

Nimesoma barua yako kwa sauti hapa karakanani, bosi kalazimika kuvua miwani ajifute. Sote wazima.

Meno mapya yamo kwenye kiboksi. Yavae siku mbili bila klarineti kwanza, kaakaa liyazoee. Yakikukwaruza mahali, mwone daktari ayasugue, usichukue msasa wewe mwenyewe! Nakujua.

Mimi sasa nina noti tano. Mwalimu wa muziki anasema nne ni nzuri, ile ya juu kabisa bado inakwaruza.

Mpwa wako


Tarehe 23 Juni

Mpwa wangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa mzima kuliko nilivyokuwa nikiwa na meno yangu ya kuzaliwa.

Juzi tuliitwa mmoja mmoja. Mkuu wa bendi amekaa ametupa mgongo, karani pembeni na daftari, wengine tumepanga foleni ukutani. Kabla yangu alipiga kijana wa klarineti ya pili, akapiga vizuri sana, jasho likanitoka. Zamu yangu nikavuta pumzi, mabega yakataka kupanda, nikayashusha. Nikapiga. Meno yalikaa kama yamepigiliwa misumari. Zile noti saba zikapita zote, hakuna tarumbeta ya kunifunika, na sikuihitaji.

Nikamaliza. Mkuu akamwambia karani, bila kugeuka: "Huyu mgeni mwandike jina. Katoka bendi gani?"

Radi, mpiga ngoma wetu, alicheka mpaka fimbo zikamdondoka. Mkuu akageuka, akaniona. Akauliza, "Mzee, nani kakufundisha?"

"Fundi wangu wa meno," nikamwambia.

Wote wakaangua kicheko, wakadhani natania. Nikawaacha. Kiti cha kwanza ni changu, na yule kijana ameniomba nimwonyeshe ile noti ya asubuhi. Nimemwambia aje na kioo chake.

Ukumbi unafunguliwa Jumamosi. Omba ruhusa kwa bosi wako, panda basi la Ijumaa, na hiyo klarineti kuukuu uje nayo. Ndani ya bahasha utakuta karatasi niliyoinakili kwa mkono. Ni kiwimbo cha watu wawili nilichokitunga jana, mkaza mjomba wako akiniambia ni wapi kinachosha. Sauti yako ni ile ya juu. Ina noti tano tu, na ile isiyo nzuri nimeiweka mara moja, katikati, ipite haraka. Mimi nitapiga ya chini, nikushikilie.

Kitanda kimeshatandikwa.

Mjomba wako