Utitiri wa Begum

Goba, Dar es Salaam
8 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, umekunywa chai yako, na mkono ulioteguka Novemba umepata nafuu ya kweli, siyo ile nafuu ya kuniridhisha mimi. Sisi huku hatujambo. Mkweo Herieth anakusalimia sana. Ndizi ulizotuma ziliiva zote siku moja, ikabidi tugawe mtaa mzima, sasa majirani wanakuulizia utakuja lini. Joto ni kali, na maji ya bomba yanatoka siku yanapojisikia.

Barua hii nimempa Editha, binti wa Mwalimu Erasmus jirani yako, aliyekuja huku harusini. Nimemwomba akusomee yeye, taratibu, asiruke mahali. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na leo nina maneno mengi.

Mwezi uliopita tulikaa na mgeni ambaye hujawahi kusikia nikimtaja. Aqeel Bandali, mwenye duka la mabomba pale Buguruni ninapofanya kazi ya stoo, alikwenda ziara Karbala na mama yake, Bi Shamshad, kwa majuma matano. Huyu Aqeel anafuga buibui. Si wale wa darini, Mama. Huyu ni tarantula, ana manyoya, ni mpana kama kiganja changu, na anaishi kwenye sanduku la kioo lenye udongo, humo amejichimbia shimo lake. Anaitwa Begum, ana miaka kumi na moja, na Aqeel anampenda kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Ndugu zake wote walikataa kubaki naye. Mimi nikakubali, kwa sababu Aqeel ndiye aliyenikimbiza hospitali siku nilipougua. Habari hiyo nayo hukuisikia, nitaifikia. Herieth aliridhia kwa sharti kwamba sanduku likae chumba cha nyuma na ufunguo niushike mwenyewe.

Aqeel aliniachia kopo la nyenje hai wa kumlisha. Wiki ya pili wakafa wote kwa joto. Badala ya kumuuliza mwenyewe, nikajifanya mjuaji. Nilikuwa na wadudu wakavu ndani, wamekaangwa. Ni wadudu gani nitasema mbele, nivumilie. Nikawa namwekea wanne watano mlangoni pa shimo, asubuhi nakuta hawapo. Nikafurahi. Kwetu mgeni halali njaa, hata akiwa na miguu minane.

Siku ya kumi hivi nikaona udongo unatembea. Nilipomulika kwa simu nikakuta ni utitiri, kama ule unaowajaa kuku wanaoatamia, ila huu mweupe, mdogo kama chembe ya unga. Umepanda kwenye kioo, umejaa kwenye kibakuli cha maji, na mwingine umeng'ang'ania viungo vya miguu ya Begum. Mwenyewe amejikunyata kwenye kona, shimo lake amelikimbia. Herieth akachungulia mlangoni, akasema kwa sauti ya kufika kwa jirani, "Gozbert, hicho kitu kipulizie dawa ya mende tumalizane!" Kopo la dawa nilikuwa nimeshalishika. Sijui nini kilinizuia nikamtumia Aqeel picha kwanza.

Alijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake umati wa watu wanaomba dua. Alisema nikipuliza dawa ile Begum hafiki jioni. Nimhamishie kwenye ndoo safi, mfuniko niutoboe, chini nitandike karatasi ya chooni yenye unyevu kidogo. Udongo wote niutupe mbali na nyumba. Sanduku nilioshe kwa maji ya moto bila sabuni, na udongo mpya niuanike juani mpaka ukauke kabisa, maana utitiri unafuata unyevu na vitu vilivyooza. Wale waliomganda mwilini niwatoe kwa brashi laini iliyopakwa mafuta ya mgando. Kisha akaniuliza, kwa upole ulionichoma kuliko kama angefoka, "Braza, umempa nini? Hao hawatokeagi bure."

Nikamhamisha Begum kwa mwiko, nikaanza kufukua. Chini ya shimo nikawakuta wadudu wangu wote, wameota ukungu. Hakula hata mmoja. Alikuwa anawasukumia chini na kuwafukia, nami huku juu najisifu kwamba mgeni anashiba. Nikakaa juu ya debe, nikawa nawaokota mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi cha Herieth.

Mama, walikuwa senene wako.

Editha, kama umecheka, acha kwanza uendelee kusoma.

Mimi sijala senene mwaka wa tatu sasa. Krismasi ile uliponitumia kopo la kwanza hapa Goba, nilikula kiganja kimoja, midomo ikavimba, koo likabana, pumzi ikawa ya kutafuta. Ndipo Aqeel aliponikimbiza hospitali. Daktari akasema ni mzio, na kwamba nikirudia naweza nisifike hospitali. Nikashindwa kukuambia. Tangu Baba atutoke, hilo kopo ndilo unaloliandaa kwa furaha mwaka mzima, na sikutaka kuwa mtu wa kukuambia halina mlaji. Kila ulipouliza nikasema, "Watamu, Mama, nimewamaliza." Makopo mawili alikula Theonest, Mhaya mwenzetu wa Tegeta. La safari hii Theonest alikuwa ameshahamia Dodoma. Na ni hilihili lililokutoa alfajiri kuwawahi senene kwenye taa za dukani, ukaanguka mtaroni, ukaumia, na bado ukalituma. Nami nikampa buibui. Nisamehe. Aibu hii sina pa kuiweka.

Lakini si aibu iliyonikalisha niandike. Nilipokuwa nawaokota ndipo nilipowatazama kwa mara ya kwanza. Walikuwa na mabawa. Walikuwa na miguu. Nikaenda kabatini, nikamwaga kopo lote kwenye ungo: wengi hawakunyonyolewa, na kati yao kuna majani, nondo wawili na kipande cha uzi. Wewe, Mama, uliyekuwa unatupiga vidole kwa kuacha bawa moja! Nikampigia Theonest. Akasema hata wa mwaka jana walikuwa vilevile, ila alidhani nami nakula na ninaona, na tena chakula cha mama wa mtu hakisemwi.

Ningekula hata mmoja ningejua. Miaka miwili nimekusifia kazi ambayo macho yako hayakuiona, nawe ukiniamini, ukaendelea kutoka gizani kwa sababu mwanao anasema bado unaweza. Sidhani tena kwamba ule mtaro ulikuwa na utelezi, kama ulivyoniambia.

Begum amepona. Wiki tatu sasa sijaona utitiri. Aqeel alirudi Jumamosi, akamkagua mguu kwa mguu, nikamweleza yote, pamoja na haya ya kwetu. Akanipa likizo kabla sijaiomba, akasema mama hasubirishwi. Ijumaa ijayo nitapanda basi. Jumatatu yake tutakwenda pamoja Bukoba kwa daktari wa macho, nimeshaulizia. Senene wa Aprili waache wapite, Mama, nakusihi. Waokote wenye watoto wa kuwala.

Nisalimie Mwalimu Erasmus na jumuiya yote ya Jumapili. Herieth anakuletea kitenge, amekataa niseme rangi. Nami nina ombi moja tu. Nikifika, usiniambie kwamba unaona vizuri. Mimi pia nilikuambia kwamba nakula.

Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mwanao akupendaye,
Gozbert