Bei Niliyojitajia

Jumatano jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane na mtaa wetu wote wa Nyakasanza ni matope. Nimefika nyumbani nimelowa, sina hamu ya kula, na ninajionea aibu.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunisifu.

Jumatatu patron, bosi wangu, aliniita. Duka letu la mtandaoni, linalowauzia viatu, simu na vitenge watu wa hapa Bunia hadi Iga Barrière, lilikuwa linatafuta mkurugenzi wa mauzo, na akanichagua mimi. Akafungua daftari, akauliza, "Mama, prétention salariale yako ni ngapi?" Yaani nataka mshahara wa kiasi gani kwa mwezi.

Sikuwa nimejiandaa. Maishani nimejua njia moja tu ya kutaja bei, ile ya sokoni. Mama yangu aliuza maharagwe, na hakuna siku aliyotaja bei aliyoitaka. Unapandisha, mteja anashusha, mnakutana katikati mkicheka. Moyoni nilitaka dola mia nane. Mdomoni nikasema, "Mille deux cents," elfu moja na mia mbili, nikangoja ashike kichwa, aseme ninamuua.

Akaandika. "D'accord." Amekubali papo hapo.

Nilitoka pale nikiona nimemweza. Nilinunua hata kuku. Wakurugenzi wa Kinshasa wanalipwa hivyo, nilijiambia, kwa nini si mimi?

Leo asubuhi ameniita tena. "Mu budget iko huit cents tu," mia nane, alisema kwa upole kabisa. "Lakini weye njo directrice. Chagula watu mbili wa emballage watoke, ile ingine itapatikana." Yaani mishahara yao ijazie mia nne inayopungua kwenye wangu.

Wafungaji wa mizigo wako watatu. Nilikuwa mmoja wao nilipofika kutoka Djugu na mfuko mmoja. Mama Zawadi ndiye aliyenifundisha kukunja katoni na kuandika jina la mteja lisifutike na mvua. Siku zile, mchana nilikula fufu yake, ugali wa muhogo, kwa sababu mimi sikuwa na changu.

Nikachukua karatasi. Nikaandika majina mawili, na la pili ni lake.

Nilijitetea kwamba mkono unamuuma siku hizi, kwamba hana kasi. Uongo mtupu. Jina lake lilikuwa jepesi kuandika kwa sababu najua hatanigombeza.

Saa sita Mama Zawadi akaja ofisini, kwenye meza yangu mpya. Cheo alikuwa amekisikia, orodha hakuijua. Alileta mayai sita, ameyafunga kwenye katoni ndogo kwa gundi, safi kama mzigo wa mteja. "Mutoto yangu," akasema, "sasa siye pia tuko na mutu yetu mu bureau." Akapiga vigelegele, wenzake wakamwitikia.

Nikasema aksanti, mama.

Nikapokea.

Mayai yako hapa mezani, katoni sijaifungua. Patron anangoja orodha kesho asubuhi. Nimejiambia nitamwahi kabla hajawasha kompyuta, nimwambie mshahara wangu ni mia nane, na hakuna anayetoka. Atanicheka. Sijawahi kuona muuzaji anayejishushia bei mwenyewe wakati mteja ameshakubali.

Lakini kicheko chake sikiogopi sana. Ninachoogopa ni kwamba siku mbili tu zimepita na tayari nimeshaizoea ile mille deux cents; nimeshaipangia ada ya shule, hata bati jipya la jikoni.

Kwa hiyo orodha nimeichana sasa hivi. Vipande viko kwenye ndoo ya takataka, pale mlangoni.

Kesho nikiamka, nitavipita, au nitainama kuviokota?